Kikwembe cha Saba

Siku moto wa mlima wa volkano uliposhuka mjini, mama yangu hakufunga mzigo. Alivaa. Alivuta valizi chini ya kitanda, akatoa vitenge vyake, ambavyo kwetu Goma tunaviita vikwembe, akaanza kujifunga kimoja juu ya kingine kuanzia kiunoni hadi kwapani, mpaka vikafika saba. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nilimwambia twende, Mama, tutaungua, naye akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mzigo hunyang'anywa njiani, lakini hata mwanajeshi mwenye njaa hamvui nguo mama wa watu mbele ya umati. Siku hizi najua kwamba kuhusu wanajeshi alikuwa na imani kupita kiasi. Kuhusu mizigo alisema kweli.

Hakuwa peke yake. Birere nzima, mtaa wetu, siku ile ilijaa wanawake walionenepa ghafla. Kikwembe kwetu si nguo tu. Mwanamke hupewa akiolewa, hupewa akizaa, hupewa akifiwa, na vyote hukaa kwenye valizi vikingoja siku mbaya. Siku mbaya ilikuwa imefika, na kila mama alikuwa ameivalia. Mama yangu, ambaye ni mwembamba kama ufito, alitembea miguu ikiwa mbali mbali, mikono ikiwa imekataa kulala ubavuni, akiyumba kama bata aliyeshiba. Nyuma yake nilitembea mimi, na mdogo wangu wa mwaka mmoja na nusu amefungwa mgongoni kwangu kwa taulo. Baba hakuwepo. Alikuwa dereva wa lori, na vita vilikuwa vimemfungia upande wa kaskazini, kwa waasi wengine wasiopatana na waasi wetu.

Tulivuka mpaka wa Rwanda tukalala Gisenyi, kwenye uwanja, mvua ikitunyeshea. Asubuhi ya kwanza mama alivua kikwembe cha juu akakibadilisha kwa maharage na sufuria. Siku iliyofuata akavua kingine, tukapata turubai. Mdogo wangu alipoanza kuharisha, viwili viliondoka siku moja kwa ajili ya dawa, kisha kingine, kisha kingine. Kila nilipoamka nilimkuta mama amepungua, na mwisho wa juma alikuwa amerudia umbo lake la zamani, amevaa kikwembe kimoja cha rangi ya samli chenye maua madogo ya kijani, na ndani yake jipo tu, sketi ya ndani.

Mdogo wangu alifariki alfajiri. Sanda hatukuwa nayo, wala mtu wa kumwomba. Taulo lilikuwa limechafuka hata lisiweze kufulika, na mama alisema mtoto wake haendi kwa Mungu na uchafu. Alikuwa na nguo moja safi, na alikuwa ameivaa. Hapo jirani yetu, mama mmoja Mkristo wa Rutshuru tuliyekuwa tukiishi naye ua mmoja Birere, aliwaita wanawake waliokuwa karibu. Hakuwaeleza mengi. Walikuja wakamzunguka mama, wakampa migongo, bega kwa bega, wakitazama nje ili asiwepo hata mtu mmoja wa kumtazama. Mimi nilibaki nje ya duara. Niliona migongo, na miguu yenye matope, na hakuna aliyecheka wala kuzungumza. Duara lilipofunguka, mama alikuwa amevaa kikwembe cha jirani, na mdogo wangu alikuwa amefungwa ndani ya kile cha maua. Mzee mmoja Mwislamu wa Maniema aliyekuwa uwanjani akamsalia, tukamzika. Yaliyotokea ndani ya duara sikuyaona.

Nimeyaeleza haya kwanza ili msomaji asije akanitetea baadaye. Nilikuwa mtoto, ndiyo, lakini nilijua. Nilijua kila kikwembe kilikwenda wapi, na cha saba nilijua kuliko vyote.

Tulirudi tukajenga juu ya mawe ya moto yaliyopoa. Baba alirudi baada ya miaka miwili, akakuta mtoto mmoja badala ya wawili, akakaa kidogo, akarudi barabarani. Mama hakuzungumza kuhusu Gisenyi. Jirani naye hakuzungumza. Siri ya maiti aijuaye mwosha, na hawa wawili walikuwa wakinywa chai pamoja kila siku bila kuigusa.

Miaka kumi baadaye nilikuwa msichana mwenye sauti nzuri na kichwa kikubwa. Niseme tu, nilijipenda. Nilijiunga na kundi la maigizo lililokuwa likifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa vijana huko Katoyi. Nyumbani nilisema ninashona mavazi ya waigizaji, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa siku kama mbili hivi. Kiongozi wetu tulimwita Muzee, ingawa hakuwa amefika hamsini, kwa sababu ya ndevu zake na kwa sababu alikuwa ameishi Ulaya. Huko alikuwa ameona majumba ambapo wanawake hucheza jukwaani wakivua nguo kidogo kidogo, kwa muziki na mizaha, na watu hulipa kiingilio si kwa ajili ya kuona mwili bali kwa ajili ya kucheleweshwa kuuona. Wafaransa, alisema, huuita uchezaji huo kung'oa majani. Mwenzetu mmoja akauliza kama ni sawa na kuchambua sombe, kisamvu chetu, tukacheka mpaka mazoezi yakasimama.

Muzee alitaka kutunga mchezo wa nyimbo, wa saa mbili, kuhusu baa moja ya kando ya ziwa wakati wa uasi. Ndani ya baa kuna wanawake watatu wanaocheza dansi hizo za kuvua, na kamanda anayekuja kila Jumapili. Kwa kuwa Goma si Ulaya na wazazi wetu walikuwa hai, hakuna aliyetakiwa kubaki uchi. Ndani tungevaa suruali nyeusi za kubana na fulana. Uhodari ungekuwa katika kuvua kwenyewe. Na utaratibu wake wa kazi ulikuwa mmoja: hakuna kuiga Wazungu. Kila mtu alete kitu cha kwao, cha kweli, alichokiona kwa macho yake, na yeye atakitia muziki.

Mwenzangu mmoja alileta jinsi shangazi yake anavyovua viatu akitoka kanisani. Watu wakatabasamu. Zamu yangu ilipofika nilikuwa sina kitu, na nilikuwa mtu asiyevumilia kuwa wa pili. Nikainuka, nikaweka miguu mbali mbali, nikainua mikono isilale ubavuni, nikatembea. Nilitembea mama yangu. Ukumbi mzima ulianguka chini kwa kicheko. Mpiga ngoma alishindwa kushika vijiti vyake. Kila mmoja wao alikuwa na mama au shangazi aliyetembea hivyo siku ile ya moto, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba jambo lile lingeweza kuchekesha.

Muzee aliniomba niendelee. Vilikuwa vingapi hivyo vikwembe, vilikwenda wapi? Nikamwambia, cha maharage, cha turubai, vya dawa, naye akawa anaandika magotini. Kila kikwembe kilipata beti yake na mtikisiko wake wa kiuno. Kisha akaniangalia.

“Na ya saba?”

Nakumbuka nilimtazama mpiga gitaa, aliyekuwa akisubiri na vidole juu ya nyuzi. Ningeweza kusema vilikuwa sita. Ningeweza kusema cha saba ni cha nyumbani, hakichezwi. Badala yake nikasema kwamba cha saba anamvulia kamanda.

Muzee akapiga makofi. Akasema mwisho ndio huo, mchezo umepata kichwa chake. Na mimi nilifurahi, ndivyo nilivyokuwa. Nilirudi nyumbani nikiimba ile beti njia nzima, nikapita mbele ya mama nikiwa bado naiimba kwa mdomo uliofungwa.

Tulifungua pazia wakati waasi wapya walipokuwa wamefika Kibumba, karibu na mji. Mizinga ilisikika kila siku, kwa mbali, kama mtu anayehamisha mapipa. Maonyesho yalikuwa saa nane za mchana ili watu wawahi kufika kwao kabla ya giza, na ajabu ni kwamba ukumbi ulijaa. Nadhani watu walikuwa wamechoka kukaa nyumbani kusikiliza mapipa. Dansi yangu ikawa maarufu kuliko mchezo wenyewe. Watoto wa Birere walianza kutembea kama bata sokoni, na wanawake waliowaona walishika mbavu. Wanawake ndio waliocheka zaidi. Walikuwa wamevaa vikwembe vile wenyewe, na kwa miaka kumi hakuna aliyewaambia kwamba walikuwa hodari na wenye kuchekesha kwa pamoja. Hilo moja nilifanya vizuri. Silitaji ili nipunguziwe lawama.

Mama alipata habari kwa jirani, na jirani alipata sokoni. Kumbe binti hashoni, anacheza, na anacheza mambo yetu ya siku ya moto. Mama hakunigombeza. Hata hakunitajia jambo hilo. Jumapili iliyofuata alivaa kikwembe chake kizuri, akajifunga mtandio mweupe, akamchukua jirani wakapanda pikipiki mbili hadi Katoyi, wakaketi safu ya tatu.

Niliwaona nilipotokea mlangoni mwa baa ya maboksi nikiwa nimenenepa kwa vikwembe saba. Nikaanza kutembea ule mwendo, sikuwa na njia nyingine, ngoma ilikuwa imeanza, na nikamwona mama akiufahamu. Alifunika mdomo. Kisha akacheka. Mama yangu, jamani, alicheka kwa mwili mzima, akampiga jirani paja, akainama mbele akainuka, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Sijawahi kumwona akicheka vile kabla wala baada. Nilipovua cha maharage alipiga makofi. Nilipovua cha turubai alimnong'oneza jirani kitu, labda kwamba nimekosea rangi. Nilijisikia nimesamehewa kila kitu, na mwili wangu ukawa mwepesi.

Kwenye vya dawa aliacha kucheka. Hakukasirika, alikuwa akihesabu. Niliona midomo yake. Cha nne. Cha tano. Nilipofungua cha sita, alisimama, akawaomba radhi waliokaa safu yake mmoja mmoja, kwa adabu, akapita katikati ya magoti ya watu hadi kwenye njia, na mtandio mweupe ukaenda mpaka mlangoni ukatoka. Jirani alibaki.

Sasa nifike kwenye lile lililoniketisha kuandika. Nilikuwa nimebakiwa na kikwembe kimoja. Mpiga ngoma alikuwa akinitazama, kwa sababu cha saba kilianza kwa ishara yangu, si yake. Ningeweza kumpa ishara ya kumaliza. Ningeweza kujifanya nimeteguka mguu. Waigizaji hufanya hivyo. Lakini ukumbi ulikuwa moto kuliko siku zote, watu walikuwa wameegemea mbele, na mimi nilikuwa nimeshaonja. Nilimwonea mama huruma, nilimwonea kweli, na huruma hiyo haikunizuia hata kidogo. Nikatoa ishara. Nikawapa watu mgongo, nikakifungua polepole kuliko nilivyowahi kukifungua, nikamtupia jicho kamanda aliyekaa kwenye pipa la bia, na kwaya ikaimba ile beti. Wanaume walipiga miluzi. Mmoja alipanda jukwaani akanibandika noti kwenye paji la uso, kama wanavyomtunza mwimbaji kwetu. Mcheza kwao hutunzwa. Kikwembe kikaanguka sakafuni na kicheko kikaja kama matofali yanayomwagwa kutoka kwenye lori, na katikati ya kicheko hicho jirani yetu alikuwa ameketi wima, mikono magotini, akiniangalia.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda na wenzangu kula mishikaki, nikala mingi, nikacheka sana. Jua lilipokaribia kuzama nikakosa kisingizio.

Nilimkuta mama uani akichambua mchele. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na nilikuwa hata nimejitayarishia majibu, kwamba ni sanaa, kwamba sikumtaja mtu yeyote kwa jina, kwamba wanawake wa Birere wanafurahi. Hakunitukana. Aliniambia niketi, akaendelea kuchambua.

“Nilitoka kabla ya ile ya mwisho,” alisema. “Nilijua ya mutoto inakuya. Ile ingine yote niliweza kuangalia. Lakini kumuona anazikwa mara ya pili, nilishindwa. Unisamehe.”

Aliniomba msamaha. Yeye alidhani kwamba binti yake, aliyekuwepo pale uwanjani, asingeweza kucheza cha saba kwa namna nyingine yoyote. Namna hiyo nyingine haikuwa imepita akilini mwake hata kwa mbali. Akauliza, bila kuinua macho kwenye ungo:

“Batu balifanya nini?”

“Balinyamaza, Mama.”

“Bote?”

“Bote. Balisimama.”

Aliweka ungo chini. Akalia, kidogo, akitikisa kichwa kama anayekubaliana na mtu. Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwahi kunieleza, yaliyotokea ndani ya duara. Kwamba hakukivua yeye kile kikwembe. Mikono ilikataa, kila alipogusa fundo vidole vilikufa ganzi. Jirani ndiye aliyegeuka, peke yake kati ya wale wanawake wote, akamfungulia, akamfunika kwa chake mwenyewe kabla ya kile kingine kushuka, hata jipo lake halikuonekana. Kisha wakamfunga mtoto pamoja, jirani akishika miguu. Alinieleza hayo ili, alisema, nikicheza tena nijue namna ilivyokuwa.

Sikucheza tena. Nisijipe sifa, si kwamba niliacha kwa hiari. Siku mbili baadaye waasi waliingia mjini, ukumbi ukafungwa, na Muzee akavuka mpaka na gitaa mbili. Risasi ziliponyamaza tulikaa ndani, tukisubiri kujua wakubwa wapya wanataka nini. Wanawake wa ua wetu walikusanyika kwetu mchana kwa sababu tulikuwa na mkaa. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, mama alizungumza kuhusu Gisenyi. Alizungumza kama aliyefunguliwa. Alieleza vikwembe saba, alieleza mdogo wangu, alimtaja kwa jina lake, na kila mara alimalizia Katoyi: jinsi binti yake alivyomwonyesha mtoto mbele ya watu, na jinsi umati mzima ulivyosimama kimya kumheshimu, watu ambao hawakuwahi hata kumwona. Nilikuwa nikipuliza mkaa. Nilipuliza mpaka macho yakaniuma.

Siku moja jirani alikuwa ameketi pale pale, kikombe mkononi, mama alipomgeukia.

“Weye ulibakiaka mupaka mwisho,” mama alimwambia. “Baambie. Si balinyamaza?”

Sikuthubutu kuinua kichwa. Nilisikia jirani akikiweka kikombe chini. Nilitamani aseme. Kwa dakika ile nilitamani kweli, ili jambo lifike mwisho wake na nipigwe, nifukuzwe, chochote.

“Balinyamaza,” jirani alisema. “Hata miye nililia.”

Wanawake wakashusha pumzi, mmoja akasema Mungu ni mkubwa, mama akamshika jirani mkono. Baadaye jirani aliinuka kwenda kwake, nikamsindikiza hadi mlangoni kama ilivyo desturi, nikiwa nimembebea chupa yake ya chai. Nilitaka kumshukuru. Nilianza hata, nikasema asante, mama. Aliichukua chupa mkononi mwangu.

“Ile nimesema ni kwa ajili ya mama yako,” alisema kwa sauti ya chini. “Haiko kwa ajili yako.”

Akavuka ua, akaingia kwake, akafunga mlango. Nilisimama pale nisijue pa kuweka mikono. Ndani mama alikuwa ameanza kuisimulia tena kwa mgeni aliyechelewa kufika, na safari hii, katika masimulizi yake, wanaume walikuwa wamevua kofia.